Chungu, Munyu na Kibuyu: Kupika kama Mashambani Ukiwa Nairobi

Waliokulia mashambani miaka ya 1970 na 1980 kisha wakahamia Nairobi wana lalamiko linalofanana: kunde za hapa hazina ladha, uji ni mtamu kama soda, githeri imepasuka ngozi lakini ndani bado ina mawe. Lawama humwendea mama mboga, au mbolea, au mbegu za siku hizi. Mara nyingi zimekosa mlango. Kunde ni zile zile, na wimbi la maduka ya nafaka ya Nyamakima ni lile lile lililosagwa kwa jiwe zamani. Kilichobaki nyumbani ni chungu kilichopika polepole, maji ya majivu yaliyolainisha majani, makaa yaliyozikwa kwenye jivu usiku kucha, na kibuyu kilichofukizwa. Hivi vyote vinaweza kuhamia kwenye nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja na mtungi wa gesi wa kilo 6, mradi ujue kila kimoja kilikuwa kinafanya kazi gani.

Chungu

Tahadhari ya kwanza ni ya sokoni. Vyungu vingi vinavyopangwa kando ya barabara Nairobi ni vya maua. Utavijua: vina tundu chini, au vimepakwa rangi na vanishi, au kuta zake ni nene kama tofali. Usipikie humo, hata muuzaji akikuapia. Unachotaka ni chungu cha kupikia kisichopakwa kitu chochote, chenye tumbo la duara na shingo iliyobana kidogo, kama vile wafinyanzi wa Nyanza na Magharibi wanavyofinyanga hadi leo. Kwa watu 4 au 5, cha lita 3 kinatosha.

Kabla ya kulipa, kiinue kwa mkono mmoja na ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, kimechomwa vizuri. Kikitoa mlio uliokufa, kuna ufa mahali, hata kama huuoni. Halafu ingiza mkono mmoja ndani na mwingine nje, uisogeze pamoja ukipapasa unene wa ukuta. Chungu chenye kitako kinene na mbavu nyembamba kitapasuka pale unene unapobadilika, kwa sababu upande mmoja hupata joto na kutanuka kabla ya mwenzake. Mwisho omba maji, ujaze, usubiri robo saa. Unyevu unaotoka kote kama jasho ni wa kawaida, udongo hupumua. Matone yakijipanga mstari mmoja, huo ni ufa, kirudishe.

Chungu kipya hakipikiwi siku kinaponunuliwa. Lazima kizoeshwe moto, na hapa ndipo vyungu vingi vya Nairobi hufia. Kiloweke ndani ya beseni la maji usiku kucha. Asubuhi kitoe, kiache kivulini siku 2 kamili, si juani. Kikikauka, kipake mafuta ya kupikia kidogo ndani kwa kitambaa. Kisha koroga vijiko 4 vikubwa vya unga wa mahindi katika maji baridi, mimina ndani, ongeza maji hadi robo tatu, uweke juu ya moto mdogo kabisa. Dakika 20 za kwanza usiongeze moto hata kama unaona hakuna kinachoendelea. Maji yaliyojificha kwenye vinyweleo vya udongo yanahitaji muda wa kutoka polepole; ukiyaharakisha yanageuka mvuke ndani ya ukuta na kuupasua. Uache uji huo uchemke taratibu saa 1 na nusu, zima, kisha uache chungu kipoe chenyewe pale pale, na uji ukiwa ndani. Wanga huziba vinyweleo. Mwaga, suuza, rudia mara moja zaidi kesho yake, na chungu kiko tayari.

Sasa suala la gesi. Mafiga matatu yalikumbatia chungu: moto wa kuni uliramba kitako na mbavu pamoja. Kichomeo cha mtungi wa kilo 6 hupiga pahali pamoja katikati, duara ndogo kama kiganja, na chungu hakipendi hivyo. Nenda Kamukunji kwa mafundi wa bati, uombe bamba la chuma la duara lenye unene wa milimita 3 hivi, upana wa sentimita 20. Liweke juu ya kichomeo, chungu juu yake. Joto litaenea. Bila bamba hilo, chungu kinaweza kudumu miezi michache. Ukiwa nalo, kinadumu miaka. Jiko la makaa lenye kikombe cha udongo, lile lililoenea mijini tangu miaka ya 1980, ni bora zaidi kwa chungu, lakini liwashwe nje au kwenye roshani iliyo wazi. Kuliingiza chumbani usiku ili kupasha nyumba joto wakati wa baridi ya Julai kumeua watu wengi mno mjini humu. Gesi ya makaa haina harufu, na anayeivuta husinzia tu. Jikoni kwa nyanya palikuwa na nyasi juu na nyufa kila upande. Chumba cha ploti kimezibwa kwa saruji na vioo.

Mambo yanayovunja chungu baada ya hapo ni machache na yanajulikana: kumimina maji baridi chungu kikiwa moto, kukitua juu ya sakafu ya saruji baridi (weka kata ya kitambaa au majani makavu ya ndizi), kukiacha motoni kikiwa kitupu, na kijiko cha chuma. Tumia mwiko. Usikioshe kwa sabuni, kwa maana udongo huinywa na mboga za kesho zitanuka sabuni. Majivu laini na dodoki vinatosha. Usipokuwa na majivu, tumia chumvi ya mawe. Kihifadhi bila kifuniko. Kikiota ukungu kwa sababu nyumba haipati jua, chemsha maji yenye siki humo kwa dakika 20, suuza, kianike juani siku nzima.

Munyu, maji ya majivu

Hiki ndicho kitu ambacho waliohamia mjini hukisahau kwanza, na ndicho kinachotofautisha mrenda wa nyumbani na mrenda wa hotelini. Magharibi mwa Kenya huitwa munyu. Ni maji yaliyopitishwa kwenye majivu ya mimea mikavu, hasa maganda na mabua ya maharagwe. Majivu hayo yana chumvi za potasiamu zenye asili ya magadi, ambazo huvunja ugumu wa majani yenye nyuzi na kuyaacha ya kijani.

Maganda ya maharagwe hayauzwi. Yaombe kwa mtu anayekuja kutoka nyumbani baada ya mavuno, gunia moja dogo litatosha mwaka mzima. Yachomee juu ya bati safi lisilo na rangi, mahali pasipo upepo. Usichanganye na karatasi zenye wino, mbao zilizopakwa dawa wala plastiki ya kuwashia, kwa sababu chochote unachochoma utakila. Acha moto uteketeze hadi majivu yawe ya kijivu karibu na weupe. Vipande vyeusi ni mkaa tu, havina munyu, vichekeche uvitupe.

Chukua kopo safi, toboa matundu 5 au 6 madogo chini, tandika kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Jaza vikombe 2 vya majivu, uyashindilie kidogo kwa ngumi, kisha weka kopo juu ya bakuli la kioo au la plastiki ngumu. Mimina vikombe 4 vya maji kidogo kidogo. Ukimwaga yote kwa pamoja, yatapasua njia pembeni na kushuka bila kubeba kitu. Matone yatakayotoka yana rangi ya chai ya rangi iliyokorea au hafifu. Chovya kidole: munyu mzuri huteleza kati ya vidole kama maji ya sabuni. Usipoteleza, yarudishe majivuni yapite tena.

Uweke kwenye chupa ya kioo, uandike jina juu yake kwa herufi kubwa, mbali na watoto. Ukiwa mkali huunguza koo. Na usiupikie kwenye sufuria ya alumini. Alumini na magadi havipatani: sufuria huwa nyeusi, na sehemu ya chuma hicho huingia kwenye mboga. Ndiyo maana munyu na chungu vilikwenda pamoja tangu mwanzo. Kama huna chungu, tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Kipimo ni vijiko 2 vikubwa kwa vikombe 2 vya maji ya mboga. Anayeongeza ili mboga iive haraka hupata mboga inayoteleza kama sabuni, yenye uchungu nyuma ya ulimi, na vitamini nyingi za majani zimeharibika. Magadi ya dukani hufanya kazi hiyo hiyo lakini ni makali zaidi: ncha ya kijiko cha chai, basi.

Mboga

Kwa chungu cha lita 3 nunua mafungu 4 ya mrenda na 2 ya kunde. Muulize mama mboga zimetoka wapi. Baadhi ya mboga zinazouzwa mjini hukuzwa kando ya mito inayopokea majitaka, na hakuna kuosha kunakoondoa madini mazito yaliyokwisha kuingia ndani ya jani. Ukipata muuzaji anayeleta mzigo wake kutoka Kiambu, Kisii au Vihiga na anayejibu swali bila kukwepa, mshike huyo.

Chambua majani tu, tupa vikonyo. Osha mara 3, katika maji mengi, ukiyainua majani kutoka majini badala ya kumwaga maji juu yake, ili mchanga ubaki chini. Chemsha vikombe 2 vya maji na munyu kwanza. Yakitokota, ingiza kunde, zipe dakika 10, ndipo uongeze mrenda. Usifunike. Ukifunika mrenda utafura na kumwagika, na rangi yake itageuka kama majani makavu. Koroga mara kwa mara kwa dakika 10 zaidi. Chumvi kidogo tu mwishoni, kwani munyu tayari una chumvi yake.

Managu na sagaa ni njia nyingine. Hizi zina uchungu, na dawa ya uchungu huo ni maziwa na muda. Zichemshe dakika 15, kamua kidogo, kisha zirudishe chunguni na kikombe 1 cha maziwa freshi yenye malai, moto mdogo, dakika 20. Hapo watu wa mjini hupakua. Nyumbani ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza: zililala, zikaongezwa maziwa na kuchemshwa tena siku ya pili, wakati mwingine na ya tatu, na uchungu ukageuka utamu mzito. Ukitaka kufanya hivyo bila friji, lazima zichemke kabisa asubuhi na jioni, kila siku, si kupashwa vuguvugu. Ukiwa na friji, zilaze humo kwenye bakuli, si ndani ya chungu, kwa sababu chungu baridi kikienda motoni kitapasuka.

Githeri na makaa ya usiku

Kumbuka jinsi ilivyopikwa: ilichemka jioni nzima, kisha kuni zikavutwa nje, makaa yakafunikwa jivu, na chungu kikaachwa hapo hadi asubuhi. Zile saa 8 za joto la chini ndizo zilizolainisha mahindi. Hakuna mwenye gesi ya kuiga hayo. Kikapu kilichotandikwa blanketi, kinachotunza joto la sufuria, kitakufanyia.

Nairobi ina ugumu wake pia. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakifika takriban nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo maharagwe yaliyoiva Kilindini kwa saa 1 na nusu yatakuchukua saa 2 na zaidi Kasarani, na hiyo si hila ya gesi.

Pima gorogoro (kopo la kupimia nafaka) nusu ya mahindi makavu na robo ya maharagwe. Mahindi yawe mazima, mang'aavu. Yenye ukungu wa kijani au manjano, au yenye harufu ya kuvunda, yatupwe yote, usiyachambue. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kuchemsha: mwaka 2004 iliua watu 125 Ukambani, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ghala za zamani ziliinuliwa juu ya magogo na kupitisha upepo kwa sababu hiyo. Maharagwe nayo yawe ya msimu huu. Yaliyokaa zaidi ya mwaka hugeuka rangi kuwa ya giza na hayaivi vizuri hata ukiyapika siku nzima. Hapo hupaswi kuilaumu gesi.

Loweka vyote usiku kucha katika maji mara 3 ya kimo chake. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya hadi yapite nafaka kwa vidole 4. Tumia sufuria yenye kifuniko kinachobana. Chungu hupoteza joto kwenye kikapu upesi kuliko inavyotakiwa. Chemsha kwa nguvu dakika 45. Usipunguze muda huo. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na joto la wastani haliiui. Lazima yatokote kweli kweli kabla ya kuingia kikapuni.

Kikapu ni kile kikubwa cha nyuzi za mgomba au mkonge, au hata katoni. Tandika blanketi kuukuu chini na pembeni, unene wa kiganja kila upande. Tua sufuria ikiwa bado inatokota, usiifungue kuonja, funika kwa mto uliojazwa vitambaa, kaza. Saa 6 baadaye toa, chemsha tena dakika 20, na chumvi iingie hapo. Kosa linalorudiwa zaidi ni kuweka chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa. Hewa iliyo juu hupoteza joto, na ukifungua utakuta githeri vuguvugu, iliyokaa saa nyingi katika hali ambayo vijidudu vinaipenda. Sufuria ijae angalau robo tatu. Ikitoka bila kuunguza kidole, usiile; kikapu chako kina mwanya.

Uji uliochacha

Uji mchachu wa siku hizi hutiwa ndimu au ukwaju. Hiyo ni kachumbari ya uji. Uchachu wa kweli unatokana na bakteria wanaoishi juu ya nafaka yenyewe, na ladha yake ina kina ambacho ndimu haina.

Nunua wimbi Nyamakima, lipepete kwa uteo, liokote mawe (yapo daima), lioshe, lianike likauke kabisa, ulipeleke kisiagi. Mwambie asage kwa ukubwa wa chenga, si laini kama unga wa chapati. Unga uliopakiwa dukani wakati mwingine umepashwa joto kwanza ili usiharibike, na wale bakteria wamekufa. Huo utakaa siku 4 bila kuchacha na utadhani umekosea.

Changanya vikombe 2 vya unga na vikombe 3 vya maji. Maji ya mfereji ya Nairobi yana klorini, ambayo iliwekwa humo makusudi kuua vijidudu, wabaya na wazuri. Yachemshe, yapoe hadi yawe vuguvugu. Tumia chombo cha udongo, kioo au plastiki ya chakula, ujaze nusu tu, funika kwa kitambaa. Miezi ya Januari na Februari siku 1 na nusu hutosha. Juni hadi Agosti subiri siku 3, na ukiweza uweke chombo juu ya friji upande wa nyuma ambako kuna joto.

Dalili njema ni vipovu vidogo, maji ya rangi ya maziwa yaliyojitenga juu, na harufu ya uchachu safi kama ya maziwa lala. Maji yaliyojitenga yakoroge tu, si kasoro. Madoa ya waridi, meusi au yenye manyoya, au harufu ya kitu kilichooza, mwaga yote na uoshe chombo kwa maji yanayochemka.

Kupika ni rahisi. Kabla ya yote, toa nusu kikombe cha rojo uweke kando kwa ajili ya safari ijayo. Chemsha vikombe 7 vya maji, mimina rojo polepole huku mkono mwingine ukikoroga, usisimame hata kidogo dakika 5 za kwanza. Madonge hutokea ukiacha kukoroga. Punguza moto, dakika 15. Sukari iwe kidogo. Mwenye kuzoea uchachu huu baada ya wiki hataitaka. Kwa mtoto mdogo au mgonjwa, uji uwe mwepesi na uliochacha siku moja tu.

Maziwa ya kibuyu

Mursik, maziwa machachu ambayo wanariadha hupokewa nayo wakitua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na medali shingoni, yanahitaji subira kuliko vyote hivi. Kibuyu cha lita 2 agiza kutoka Bomet, Kericho au Uasin Gishu, kwa mtu anayejua kukichagua. Kikiwa kipya, jaza maji, yamwage kila siku na kuweka mengine, kwa siku 7 au zaidi, ukitikisa na kokoto safi ndani ili kukwangua nyuzi. Onja tone la maji ya siku ya mwisho. Yakiwa bado machungu, endelea. Yakikataa kabisa kuacha uchungu, kitundike ukutani kama pambo, kwa kuwa uchungu wa kibuyu ni sumu halisi na umewahi kulaza watu hospitalini.

Kisha kukifukiza. Mti unaotumiwa zaidi na Wakalenjin ni senetwet, ambao Wakikuyu huuita mwinu, wenye maua ya manjano na vichwa vyeusi. Kinachotumika ni fito kavu zilizochomwa tu. Majani na mizizi yake huendesha tumbo vibaya, usiyaguse kwa jikoni. Choma ncha hadi iwe kaa jekundu, iingize kibuyuni, ivunjevunje kwa ufito wa kusugulia uitwao sosiot, sugua ukuta wote hadi uwe mweusi na laini. Geuza kibuyu, kung'uta chenga. Makaa yenye moshi bado yanaacha ladha ya lami. Yawe yamewaka kabisa, yasitoe moshi.

Chemsha lita 1 na nusu ya maziwa. Wapo wanaodai mabichi ndiyo asili; maziwa mabichi huleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu, na nyanya wengi walichemsha. Yakipoa hadi ukiweka kidole husikii joto wala baridi, mimina, ukiacha nafasi ya vidole 3. Maziwa ya mashine za mtaani yanafaa. Ya pakiti yanayokaa miezi bila friji yanahitaji vijiko 3 vya mala kuyaanzisha. Funika, weka mahali pa giza, siku 4 Nairobi. Siku ya pili fungua kidogo kutoa gesi, vinginevyo kifuniko kitaruka usiku. Tikisa kwa nguvu kabla ya kumimina, yatoke na michirizi ya kijivu ya bluu.

Wazee waliyaweka hata mwezi. Hilo ni bora uliache. Watafiti wamekuta pombe na asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo la chakula, katika sampuli za mursik. Yanywe ndani ya wiki, usiyafanye kinywaji cha kila mlo, na makaa yaliyozidi yamwage.

Kupanga siku

Watu hushindwa kwa sababu huanza Jumapili asubuhi. Kwa mlo wa Jumapili mchana, kibuyu kijazwe Jumatano asubuhi. Unga wa uji uloweke Alhamisi jioni (Jumatano ikiwa Julai). Managu yachemshwe Ijumaa usiku na kuongezwa maziwa Jumamosi na Jumapili. Mahindi na maharagwe yaingie majini Jumamosi kabla ya kulala, yachemke saa 12 asubuhi, yaende kikapuni saa 1 kasoro, yatoke saa 7 mchana. Mrenda hupikwa mwisho, nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa ukipoa huganda. Uji ndio wa kwanza kunywewa, asubuhi ile ile kikapu kikiwa kazini. Na ile nusu kikombe ya rojo uliyoiweka kando, ifunike na uilishe vijiko 2 vya unga na maji kidogo kabla ya kuosha vyombo, maana ikishalala bila chakula zaidi ya siku 3 itabidi uanze upya.